Mafunzo ya Juu ya Tiba ya Mchanga: Ulipie Kuruwitu, Mtandaoni au Ng'ambo?

Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Malindi, na hesabu ya miili ikapanda hadi kupita 400. Miongoni mwa waliookolewa walikuwamo watoto. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilifungua Malindi dawati la kutafuta waliopotea na la ushauri nasaha, na washauri wa kaunti ya Kilifi wakaikabili kazi ambayo diploma nyingi haziifundishi: kukaa na mtoto asiyetaka, au asiyeweza, kusema kilichompata.

Tiba ya trei ya mchanga ni mojawapo ya njia zinazofaa kazi hiyo. Mteja huwekewa trei yenye mchanga na rafu ya vinyago vidogo: watu, wanyama, nyumba, miti, magari, makaburi. Huchagua, hupanga, hufukia, hufukua. Mshauri hukaa kando akitazama. Mtoto wa miaka saba huuona ni mchezo, naye mtu mzima aliyefiwa hupata pa kulitua jambo kabla hajalipatia maneno.

Palipo na haja, wauzaji hawakosekani. Mshauri wa Kilifi anaweza kusoma kozi ya "ngazi ya juu" chumbani kwake kupitia intaneti, akaenda kwenye kambi ya mafunzo ufukweni Kuruwitu, akafuata cheti cha kimataifa kwa miaka, akakusanya wenzake wakamwita mkufunzi, au akajifunza mfumo wa vikundi unaotumia watu wa kujitolea. Makala haya yanazipima njia hizo tano kwa kipimo kimoja: pesa utakayotoa itakuzalia vikao vingapi vya kweli na wateja, na kila kikao kitakuwa kimekugharimu kiasi gani.

Unanunua nini hasa?

Fani hii ina matawi mawili, na kuyachanganya ndiko kunakowapotezea watu pesa.

Chimbuko lake ni London, mwishoni mwa miaka ya 1920, ambako daktari wa watoto Margaret Lowenfeld aliwapa wagonjwa wake mchanga, maji na vinyago, nao wakaanza kujenga "dunia" zao. Dora Kalff wa Uswisi, aliyesoma katika mkondo wa Carl Jung, aliichukua mbinu hiyo na kuipa sura yake. Humo mshauri hafasiri papo kwa papo wala haelekezi. Humlindia mteja nafasi na kuziacha picha zifuatane kikao baada ya kikao. Mwaka 1985 Kalff na wenzake waliunda shirika la kimataifa la tiba hiyo, ISST, na shirika hilo ndilo linalotoa ithibati kwa tawi hili.

Tawi la pili ni pana zaidi. Mshauri wa mkondo wowote, awe wa tiba ya familia, ya fikra na tabia au ya watoto, hutumia trei ndani ya mkondo wake. Anaweza kutoa mada ("nionyeshe nyumbani kwenu siku ya Jumapili"), kuuliza maswali, hata kuiweka familia nzima kwenye trei moja. Kitabu cha Linda Homeyer na Daniel Sweeney, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1998, kimekuwa mwongozo wa wengi katika tawi hili. Kozi nyingi fupi zinazotangazwa ni za tawi hili la pili.

Kwa hiyo tangazo likisema "ngazi ya juu", uliza: ni ya juu ya nini? Hakuna chombo kimoja duniani kinachoyalinda maneno hayo. Kwa mkufunzi mmoja yana maana kwamba umeshamaliza kozi ya msingi na unakuja na kesi zako mwenyewe. Kwa mwingine yana maana ya siku mbili za ziada na karatasi nzuri zaidi. Kozi ya juu isiyouliza ulichosoma awali wala wateja uliowahudumia ni kozi ya msingi yenye bei ya juu.

Jambo moja halina mjadala kwa msomaji wa Kenya. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kusajili na kutoa leseni. Cheti cha mchanga, hata kikitoka Zürich, hakigeuki leseni. Kama usajili wako haujakamilika, pesa yako ya kwanza iende huko.

Njia ya kwanza: kozi ya mtandaoni

Hii huonekana kuanza kwa bei ndogo. Hakuna nauli, hakuna malazi, na unaweza kusoma na wakufunzi ambao usingewafikia kwa njia nyingine. Hata hivyo, bei nyingi huandikwa kwa dola. Tangu katikati ya 2024 dola moja imekaa karibu na shilingi 129, kwa hiyo kozi ya dola 500 ni shilingi 64,500 kabla benki haijakata chake kwa kubadilisha fedha. Piga hesabu kwa shilingi kabla hujabonyeza.

Gharama ya pili ni saa. Kozi ya moja kwa moja inayoanza saa tatu asubuhi California wakati wa kiangazi chao inaanza saa moja usiku hapa Kilifi. Ikiwa ni ya saa sita, utamaliza saa saba usiku, na kesho asubuhi una mteja. Kozi iliyorekodiwa inaondoa usumbufu huo, lakini inaondoa pia kitu ulichokifuata, yaani kutazamwa ukifanya kazi na kurekebishwa.

Gharama ya tatu haionekani kwenye ankara. Tiba hii hujifunzwa kwa mikono. Mshauri ambaye hajawahi kutengeneza trei yake mwenyewe mbele ya mtu aliyenyamaza hajui anachomwomba mteja akifanye. Ukichagua mtandao, mtafute mwenzako wa karibu, pangeni siku, kila mmoja awe mteja wa mwenzake kwa trei ya kweli. Hilo halina ada.

Njia ya pili: cheti cha kimataifa

Hapa kuna milango miwili inayojulikana. ISST inataka mwanafunzi apitie mwenyewe mchakato wa mchanga na mwanachama wake, asome nadharia, afanye kazi chini ya usimamizi, aandike maandiko na kuwasilisha kesi kamili. Ni njia ya miaka. Aliyeipita anajua kazi, na jina lake linatambulika katika nchi nyingi. Kwa mtu wa pwani yetu swali la pesa ni moja: mwanachama wa kupitia naye mchakato binafsi yuko wapi? Ikiwa unamfikia kwa basi, hesabu inaweza kukaa sawa. Ikiwa ni kwa ndege na viza, nauli itaimeza ada.

Mlango mwingine ni cheti cha tiba ya michezo cha Marekani, RPT, kinachotolewa na Association for Play Therapy, chama kilichoanzishwa mwaka 1982. Kinadai saa 150 za mafunzo yaliyoidhinishwa, saa 350 za kazi na wateja na saa 35 za usimamizi. Trei ya mchanga inaweza kuwa sehemu ya saa hizo. Kimejengwa juu ya mfumo wa leseni wa Kimarekani, kwa hiyo peleka sifa zako kwao na upate jibu la maandishi kabla ya kulipia hata saa moja.

Njia hii inamfaa nani? Mhadhiri, mkufunzi mtarajiwa, au mshauri anayetaka kuwa msimamizi wa wenzake. Kwa mshauri wa shule au muuguzi wa kliniki anayewaona watoto wawili kwa wiki, ni mzigo asiouhitaji mwaka huu.

Njia ya tatu: kambi ya mafunzo ufukweni

Kuruwitu iko kati ya Mtwapa na mji wa Kilifi, upande wa bahari wa Vipingo. Ufuo wake ni wa mchanga mweupe wa matumbawe, na kijiji kimejulikana mbali kwa kuilinda bahari yake: chama cha wanakijiji kilianzishwa mwaka 2003, kikatenga takriban hekta 30 za maji zisivuliwe, na mwaka 2017 kikapata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Ni mahali patulivu, na utulivu una bei yake katika mafunzo yanayogusa kiwewe. Siku nne za kutazama trei za wenzako zinachokoza mambo yako mwenyewe, na ni afadhali yakichokozwa mahali ambapo jioni unaweza kutembea ufuoni kuliko ukikimbilia matatu ya kurudi nyumbani kupika.

Hata hivyo, tenganisha bei ya mafunzo na bei ya mandhari. Mwombe mwandaaji akupe ankara yenye mistari mitatu: ada ya mkufunzi, malazi na chakula, usafiri. Ukipewa jumla tu, huwezi kuilinganisha na kitu chochote. Kama unaishi Takaungu, Mtwapa au Kikambala, omba bei ya mtu anayelala kwake. Kambi inayowakatalia wenyeji bei hiyo iwe na sababu ya kitaaluma ya kulazimisha kulala pamoja, na sababu hiyo huwepo wakati mwingine, hasa pale ambapo vikao vya jioni ni sehemu ya mafunzo.

Kwa anayetoka Nairobi, treni ya SGR daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwenda tu tangu Januari 2024, na daraja la kwanza ni 4,500. Treni inakushusha Miritini, kwa hiyo ongeza gari la kwenda mjini, matatu ya barabara ya Malindi hadi Vipingo, kisha bodaboda. Anayetoka Tanga anapita Horohoro na Lunga Lunga kwa basi, anavuka Likoni kwa feri, kisha anashika barabara hiyohiyo.

Msimu nao una hesabu yake. Agosti, Desemba na Pasaka vyumba vya pwani hupanda bei. Mei ni nafuu kwa sababu ya masika, lakini kumbuka kwamba mchanga uliooshwa hautakauka na barabara za ndani hugeuka tope. Kwa kambi ya mafunzo, Oktoba au mwisho wa Januari ni wakati mzuri wa kupata bei ya wastani.

Kisha hesabu trei. Uliza ziko ngapi na washiriki ni wangapi. Washiriki 16 ni jozi nane. Zikiwapo trei nne, nusu ya chumba inakaa ikitazama saa zote. Washiriki wanane kwa trei nne, kila jozi ina trei yake, na kila mtu anakuwa mteja na mshauri kwa zamu. Kambi ya watu wanane inayotoza mara moja na nusu ya kambi ya watu 16 ndiyo iliyo rahisi kwa kila saa ya mazoezi.

Njia ya nne: mwiteni mkufunzi wenyewe

Washauri wa eneo moja wanaweza kukusanyika, wakakodi ukumbi wa shule, kanisa au kituo cha jamii, na kumwita mkufunzi mwenye leseni na rekodi inayoonekana. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, mkufunzi na nauli yake na malazi yake ni shilingi 200,000 kwa siku nne. Watu kumi ni 20,000 kila mmoja. Kila mtu analala kwake, na siku nne hizo zinaweza kugawanywa katika Jumamosi nne, hivyo hakuna anayefunga kazi.

Faida kubwa zaidi huja baada ya mafunzo: wote mmesoma kitu kimoja, mko karibu, na mnaweza kuendelea kama kundi la usimamizi. Hasara yake ni kazi ya kuandaa. Lazima mmoja wenu abebe simu, risiti na lawama. Mlipeni huyo kwa kumsamehe ada.

Kama umeajiriwa katika shirika, shule ya binafsi au hospitali, zungumza na ofisi ya rasilimali watu. Waajiri wa Kenya hulipa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, tozo ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na wanaweza kudai marejesho kwa mafunzo yaliyoidhinishwa. Kibali huombwa kabla ya mafunzo. Ukipeleka risiti baadaye utaambiwa umechelewa.

Njia ya tano: mchanga wa vikundi

Mchambuzi wa Kiitalia Eva Pattis Zoja aliunda mfumo wa kazi ya mchanga kwa jamii zilizo katika dhiki, uliotumika Afrika Kusini, Uchina na Kolombia. Watoto kadhaa hukaa chumba kimoja, kila mmoja na trei yake ndogo na mtu mzima wake wa kumtazama. Watu wazima hao hawalazimiki kuwa wataalamu wa tiba. Huandaliwa, huandika walichokiona, na husimamiwa na mtaalamu. Uchina, Heyong Shen na wenzake walitumia tiba ya mchanga katika vituo vya watoto yatima na baada ya tetemeko la Wenchuan la Mei 2008.

Kwa kaunti yenye wataalamu wachache na watoto wengi, hii ndiyo njia inayotawanya gharama vizuri zaidi: mtaalamu mmoja, watu wa kujitolea wanane, watoto wanane kwa saa moja. Lakini ni mradi wa taasisi. Inahitaji ukumbi wa kudumu, ulinzi wa mtoto ulioandikwa, na msimamizi asiyekosa. Mshauri wa peke yake asiinunue.

Vifaa: hapa ndipo pwani inakuokoa

Trei ya kawaida ina kipimo cha ndani cha sentimita 72 kwa 57, kina sentimita 7, na ndani imepakwa rangi ya buluu ili mteja akisukuma mchanga aone maji au mbingu. Seremala yeyote wa Mtwapa au Kilifi anaweza kuitengeneza kwa mbao na plaiwudi. Msisitizie mambo mawili: viungo vizibwe visivujishe maji, na rangi iwe ya mafuta, mikono miwili au mitatu, ikauke kabisa. Kuagiza trei kutoka ng'ambo ni kulipia usafiri wa sanduku tupu.

Mchanga wa kina cha sentimita tatu na nusu katika trei hiyo ni lita 14 hivi, chini ya debe moja, na uzito wake ni kama kilo 20. Kalff alitumia trei mbili, moja ya mchanga mkavu na moja ya mchanga wa kuloweshwa, kwa hiyo debe moja na nusu linatosha ofisi nzima. Wenye kutembelea majumbani watengeneze trei ya sentimita 40 kwa 30: lita nne tu, kilo sita, inabebeka kwa bodaboda.

Mchanga wa Kuruwitu ni mweupe na laini, ule wa Malindi ni wa kahawia kwa sababu mto Sabaki humwaga udongo wake pale. Yote inafaa. Mchanga wa bahari uoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara kadhaa, uanike juani, uchekeche. Ukibaki na chumvi utavuta unyevu na kunuka. Usichote ndani ya eneo lililotengwa la Kuruwitu wala mahali kasa wanapotaga. Ongea na kikundi cha usimamizi wa ufuo, au nunua ndoo moja kwa fundi anayejenga.

Vinyago ndivyo vinavyokula pesa kidogokidogo. Seti za kuagizwa zina wanyama wa mashamba ya Ulaya na nyumba za paa la theluji. Mtoto wa Kigiriama anahitaji nyumba ya makuti, mnazi, mbuyu, kinu na mchi, mtungi, mbuzi, bodaboda, ngalawa, askari, daktari, jeneza. Zunguka soko la Kongowea kwa vidoli vya mitumba, nenda kwa wachongaji wa ushirika wa Akamba pale Changamwe, tazama wanyama wa Ocean Sole waliochongwa kutokana na ndala zilizookotwa fukweni. Vipande 150 vilivyochaguliwa kwa akili vinashinda 500 vya kununua kwa pamoja. Kombe na simbi zina sheria zake: hazikusanywi katika hifadhi za bahari, na biashara yake huhitaji kibali.

Kuna vitu viwili vya kufikiria kabla ya kununua. Cha kwanza ni kigango. Kwa Wamijikenda ni nguzo ya mzee aliyefariki, na jamii imepigania kurudishiwa vigango vilivyoibwa. Jumba la Makumbusho la Denver lilirudisha 30. Mfano wake kwenye rafu unaweza kumfungulia mteja mlango au kumtusi. Waulize wazee kwanza. Cha pili ni masanamu ya watu, ambayo baadhi ya familia za Kiislamu hazitaki kuyaona. Weka mawe, vijiti, mbegu na vipande vya mbao visivyo na sura, na mtoto atafanya kazi ileile. Mzazi mwingine atakuona na sanduku la mchanga adhani unapiga ramli. Mweleze mapema, mbele ya mtoto, kwa maneno mepesi. Kozi isiyogusa mambo haya imeandaliwa kwa ajili ya mteja asiye wako.

Gharama inayofichwa: usimamizi

Makosa katika kazi hii huonekana baada ya wiki kadhaa: mtoto anazika kinyago kilekile kila kikao, mshauri hajui kama anapona au anazama. Hapo ndipo unahitaji msimamizi wa kitaaluma, mtu aliyeona trei nyingi. Matangazo mengi ya mafunzo hayamtaji. Uliza kama ada ina saa za usimamizi baada ya kozi, ni ngapi, na kwa lugha gani. Mteja akisema kwa Kigiriama na Kiswahili, na msimamizi anajua Kiingereza tu, nusu ya kesi itapotea katika kutafsiri.

Kundi la washauri wanne wanaokutana saa mbili kwa mwezi hutumia saa 24 kwa mwaka. Msimamizi akitoza shilingi 4,000 kwa saa, kila mmoja analipa 24,000 mwaka mzima. Hiyo ndiyo pesa yenye faida kubwa kuliko zote katika makala haya.

Picha za trei nazo zina gharama ya sheria. Picha ya trei ya mtoto katika faili ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi, usiziweke kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na mtilie shaka mkufunzi anayeonyesha trei za wateja bila kusema aliruhusiwa.

Tupige hesabu

Bei zifuatazo ni za mfano. Weka zako ulizopewa. Tuchukue mshauri anayewaona watoto watatu kwa wiki kwa trei, wiki 40 kwa mwaka: vikao 120. Vifaa vyake ni shilingi 25,000.

- Mtandaoni: ada 64,500, vifaa 25,000. Jumla 89,500, yaani shilingi 746 kwa kikao, bila usimamizi.
- Kambi ya siku tano: ada 80,000, malazi 25,000, treni ya Nairobi kwenda na kurudi 3,000, vifaa 25,000, usimamizi 24,000, na mapato ya siku tano aliyoyakosa 30,000. Jumla 187,000, karibu 1,560 kwa kikao.
- Mkufunzi wa kuitwa: ada 20,000, vifaa 25,000, usimamizi 24,000. Jumla 69,000, yaani 575 kwa kikao.

Sasa punguza wateja hadi mtoto mmoja kwa wiki. Vikao vinakuwa 40, na kambi inapanda hadi shilingi 4,675 kwa kikao. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha kozi, hesabu wateja. Mwenye wateja wachache hana haja ya mafunzo ya juu. Ana haja ya kuzungumza na shule tatu na zahanati mbili za jirani.

Je, mchanga ndio unaoufaa mfuko wako?

Muuzaji wa mchanga hatakutajia washindani wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuata watoto 640 waliofiwa na mzazi, wa Bungoma hapa Kenya na Moshi nchini Tanzania, ambao nusu yao walihudumiwa kwa TF-CBT, tiba ya fikra na tabia kwa kiwewe, na washauri wasio wataalamu waliofundishwa na kusimamiwa. Katika maeneo matatu kati ya manne tiba hiyo ilishinda huduma ya kawaida mwishoni mwa matibabu. Ni ushahidi wa Afrika Mashariki yenyewe. Tiba ya mchanga nayo ina tafiti zake: uchambuzi wa 2022 ulikusanya tafiti 40 na kukuta nafuu kubwa.

Kama huna mbinu yoyote ya kiwewe yenye hatua zilizo wazi, anza na TF-CBT kisha ongeza trei. Kama unayo tayari, na una watoto wanaokaa kimya mbele yako, trei itakuongezea kitu ambacho maneno hayakupi.

Uamuzi

Mwanafunzi au mshauri asiye na leseni: usinunue chochote cha ngazi ya juu. Maliza usajili, tengeneza trei moja kwa seremala, fanya mazoezi na mwenzako.

Mshauri mwenye leseni na watoto watatu au zaidi kwa wiki: njia ya nne, mkufunzi wa kuitwa, pamoja na mwaka mzima wa usimamizi wa kikundi. Ndiyo ya bei ndogo zaidi kwa kikao, na ndiyo inayokuacha na wenzako.

Mshauri mwenye uzoefu wa mwaka na kesi za kupeleka: hapo kambi ya Kuruwitu ina thamani yake, mradi washiriki wasizidi mara mbili ya trei na ada ijumuishe saa za usimamizi baadaye. Mkufunzi mtarajiwa afuate cheti cha kimataifa. Shirika lenye watoto wengi lichukue mfumo wa vikundi.

Na kabla hujatuma pesa kwa yeyote, mwandikie mwandaaji maswali haya manne: mkufunzi ana leseni ya wapi, trei ni ngapi kwa washiriki wangapi, usimamizi baada ya kozi ni saa ngapi, na nikiahirisha narudishiwa kiasi gani. Asiyejibu yote manne kwa maandishi, mpe pesa yako msimamizi wako.